Vitenge Vitatu Kwenye Treni ya Mvinyo

Mwezi uliopita Rehema alipita kwangu Nakuru akielekea harusini Eldoret. Alikula, akanisema kwa kupika wali bila nazi, kisha akatoa simu kunionyesha picha ambayo nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba haipo tena. Wanawake watatu wamesimama ubavuni mwa treni ya makaa, wamevaa kitenge kimoja cha zambarau chenye duara za manjano. Wa kushoto ni Rehema mwenyewe, na mtandio wake umekatwa kwenye kitenge hicho hicho. Wa katikati ni Solange, ameinua kidevu kama anapigwa picha ya pasipoti. Wa kulia ni mimi, na ni mimi peke yangu nisiyeitazama kamera. Nimegeuza uso pembeni, naangalia ni nani anayetuona. Rehema aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka uso wangu ukajaa kioo kizima, akaiacha hivyo mezani, tukaendelea kunywa chai.

Ulikuwa mwaka 2018, Johannesburg, nami nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nikitakiwa kuueleza mwaka ule kwa neno moja nitasema nilikuwa nangoja. Nilifanya kazi katika ofisi ya bima kule Rosebank kwa mkataba wa miezi sita sita, na kila ukikaribia kwisha nilianza kukosa usingizi, kwa sababu mkataba ndio uliobeba kibali cha kazi, na kibali ndicho kilichobeba kila kitu kingine. Nilitaka mkataba wa kudumu kuliko nilivyowahi kutaka mume. Chumba changu kilikuwa uani mwa nyumba moja mtaa wa Observatory, juu kilimani, na mwaka huo peke yake nilihamisha kitanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mara nne. Sikuweza kutulia. Nilikuwa nikianza kupika naacha, nashuka hadi kwenye spaza, kiduka cha mtaani, kununua nyanya nisizozihitaji, narudi, nafungua simu kuona kama Lerato ameniandikia. Lerato alikuwa meneja wangu, mwenyeji wa pale pale mjini, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata siku moja, na kwa sababu hakunipa hata siku moja sababu ya kumwogopa, nilimwogopa kwa kubuni. Nikimwona amefunga mlango wa ofisi yake najua ananijadili mimi. Leo mimi mwenyewe nina ofisi na mlango, na najua watu hufunga mlango ili wale mkate wao kwa amani.

Mahali pekee nilipotulia ni kwa Solange. Alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ananizidi miaka kama kumi, na nilimjua kwa kumpelekea sketi iliyonibana. Aliishi Joubert Park, ghorofa ya nane, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hata yeye hajafika. Chumba kilikatwa katikati kwa pazia. Nyuma ya pazia walilala wapangaji wengine, na mbele yake palikuwa na cherehani dirishani, kitanda, jiko la umeme la sahani mbili na ukuta uliojaa nguo za watu. Jumamosi alisonga bukari, ndilo jina la ugali kwao, akapika lengalenga, yaani mchicha, na dagaa, na tukala tumekaa kitandani tukisikiliza wateja wakigombania zamu. Mimi nilimwita yaya, kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa, naye aliniita mudogo yangu. Rehema, Mtanzania wa Tanga, aliuza vitambaa na viungo dukani kwa Msomali mmoja Mayfair, na ndiye aliyemletea Solange vitenge. Kila mmoja wetu alikichekea Kiswahili cha mwenzake. Rehema alidai Kiswahili changu kimekaangwa bila mafuta, na cha Solange kimetumbukia mtoni na kutoka na Kifaransa masikioni. Tulicheka sana chumbani mle. Nasema hivi mapema ili ijulikane nilikuwa na nini mkononi.

Februari hiyo Solange alipata karatasi yake. Kwa zaidi ya miaka tisa alikuwa akipanga foleni kugongewa muhuri wa miezi mitatu, na sasa amepewa hadhi ya mkimbizi kwa miaka minne. Alikuja kunionyesha akiwa ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, na huo ndani ya mwingine. Nilimkumbatia na nilifurahi kweli, lakini sitasema uongo, kuna mwiba ulionichoma. Yeye amemaliza kungoja, mimi bado. Akasema anataka kusherehekea kwa kupanda ile treni. Nikamuuliza treni gani, akanivuta dirishani. Jumamosi nyingine, alisema, kunapita pale chini treni ya zamani inayotoa moshi, ndani yake watu wamekaa mezani wamevaa vizuri, na kwa miaka yote hiyo amekuwa akisimama na uzi mdomoni akijiuliza wanakwenda wapi. Nikatafuta kwenye simu. Ilikuwa safari ya siku moja ya kuonja mvinyo. Mnaondoka Park Station asubuhi, mnaonjeshwa mvinyo aina aina njiani, mnakula mchana kwenye kituo kidogo vilimani, jioni mmerudi. Rehema akasema yeye atakunywa kwa macho na juisi yake atakuja nayo, lakini kubaki nyuma habaki. Solange akafungua kabati, akatoa kitenge cha zambarau, akaanza kumpima Rehema mabega.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kitu, na sikusema. Kwa Solange, kwenda kwenye sherehe bila sare ilikuwa ni kama kwenda na mguu mmoja. Watu wanaopendana wakialikwa mahali wanakata nguo moja, ili hata asiyewajua ajue hawa ni wa mtu mmoja. Nami nimezaliwa katika desturi hiyo hiyo, nimevaa sare za harusi mpaka nimezisahau. Lakini nilikuwa nimeona picha za treni ile kwenye simu, wanawake wa nguo nyeupe na miwani myeusi, na duara za manjano sikuziona popote kati yao. Nikasema kitenge ni kizuri. Akanipima kifua, kiuno, nyonga, akiandika namba kwenye kipande cha gazeti, akiniambia nisimame wima niache kutapatapa. Gauni lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kununua dukani. Hilo nalo liliniudhi.

Asubuhi ya safari Park Station ilikuwa na ubaridi, na watu walituangalia. Sijui kwa nini naandika kana kwamba walituangalia vibaya. Wengi walitabasamu, na mzee mmoja alituomba ruhusa ya kutupiga picha. Ndiye aliyetupiga na hii ya kwenye simu ya Rehema. Solange alibeba kikapu. Nilimwambia chakula kimo kwenye tiketi, akanijibu kwamba chakula cha kwenye tiketi hakimjui mtu. Ndani ya behewa palikuwa na mbao zilizong'arishwa, meza zenye vitambaa vyeupe, na mbele ya kila mtu glasi tatu. Solange alizigusa moja moja kwa ncha ya kidole. Treni ilipoanza kuondoka alisimama dirishani upande wa Joubert Park, akahesabu maghorofa mpaka akaipata ya nane, akatuonyesha dirisha lake kwa chini, kwa nje. Kisha akakaa, akafuta macho kwa upande wa mkono wake bila kuona haya.

Mhudumu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai ya kipepeo, mchangamfu. Alisimama katikati ya behewa akaeleza habari ya mvinyo wa kwanza, mweupe, akasema tuunuse kwanza kabla ya kuonja. Wakati huo huo Solange alikuwa amefungua kikapu aone kama mchuzi haujamwagika. Ndani kulikuwa na kuku wa kukaanga na makayabu, yule samaki wa chumvi anayejitangaza mwenyewe. Watu arobaini walivuta pumzi kwa pamoja kama walivyoagizwa. Rehema akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko. Mimi niliangalia dirishani, nikaona mawe, nyaya na magofu ya viwanda yakipita, nikatamani kuwa mojawapo ya hayo mawe. Kisha mhudumu akafika mezani kwetu, akamimina kwenye glasi ya Solange kiasi cha kidole kimoja, akamimina kwenye yangu kiasi hicho hicho, akageukia meza nyingine.

Solange aliitazama glasi. Akatazama meza ya jirani, lakini wale walikuwa wameshakunywa, na glasi zao tupu hazikumwambia kitu. Mimi nilijua. Nilishahudhuria hafla za ofisini, najua kuonja ni kuonja, kidole kimoja cha huu na kimoja cha ule, na asiyetaka kumeza anatema kwenye ndoo. Neno moja la Kiswahili lingetosha. Lakini nilikuwa nimejishughulisha na kutoonekana, na kabla sijamgeukia alishafunika glasi kwa kiganja na kumwita yule mwanamume. Akamwambia kwa Kiingereza chake, polepole na kwa heshima, kwamba sisi tumelipa tiketi sawa na wale, basi atumiminie kama watu. Mhudumu akaeleza. Solange akasikiliza mpaka mwisho, asimwamini. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

"Njo juu sisi bageni, banatupimia bile?" akaniuliza, yaani ni kwa sababu sisi ni wageni ndiyo wanatupimia vile. "Mu kwetu, kama unamwangia mugeni katone, unamuambia arudie kwake."

Haikuwa hasira, au haikuwa hasira peke yake. Alikuwa ameishi miaka tisa katika mji ule akipimiwa kila kitu kwa kidole, na siku moja aliyojinunulia mwenyewe alitaka glasi ijae. Kwenye meza ya nyuma yetu mtu alicheka. Nilifungua mdomo nimweleze, na hapo mlango wa behewa ukafunguka akaingia Lerato.

Alikuwa na mumewe, amevaa gauni jeupe na kofia pana, na alifurahi kuniona. Leo nalijua hilo kwa hakika. Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwetu, akaniita jina langu, Nekesa, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu, akasema hakujua kama napenda mambo haya, kisha akaangalia wenzangu akauliza hawa akina mama wazuri ni nani. Solange alikuwa bado amefunika glasi. Mhudumu bado amesimama na chupa. Behewa zima linasubiri. Na mimi, niliyevaa zambarau yenye duara za manjano kuanzia shingoni hadi miguuni, nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, "Ni wanawake wa kanisani. Siwajui sana, niliombwa tu niwasindikize." Halafu, kana kwamba hilo halikutosha, nikamwambia mhudumu atusamehe, hawajazoea.

Rehema, aliyejifunga mtandio hadi kidevuni, akaniuliza kwa Kiswahili yeye ameokoka lini. Lerato akatazama gauni la Solange, akatazama la Rehema, akatazama langu. Alitabasamu tu, akasema tukifika vilimani nikae mezani kwao. Solange akaondoa kiganja juu ya glasi. Aliiinua, akanywa kile kidole kimoja kwa mkupuo, akaiweka chini na kugeukia dirisha. Watu walidhani hajui Kiingereza kwa sababu alikisema polepole. Alikuwa akiuza nguo kwa Kiingereza kila siku ya Mungu.

Kwenye kituo cha vilimani niliwaambia Solange na Rehema nakwenda kumsalimia bosi dakika tano. Nilikaa saa nzima. Meza ya Lerato ilikuwa chini ya miti ya mikalitusi, na nilikula jibini nisiyoipenda na kusema mvinyo fulani ni mkavu, neno nililokuwa nimelisikia asubuhi hiyo hiyo. Kutoka pale niliwaona wenzangu wamekaa nyasini juu ya khanga ya Rehema, chakula kimetandazwa, na watu wa mataifa yote wamewazunguka wanaonjeshwa kuku. Makayabu yalikuwa yamepata wapenzi. Mtu mmoja mezani petu akauliza kama wale wa zambarau ni kikundi cha burudani kilichokodiwa. Nikacheka. Sikusema ndiyo wala hapana, nilicheka tu, na mkono wangu ukawa unavuta pindo la gauni langu chini ya meza, kama vile ningeweza kulifupisha hadi liishe. Sijui mpaka leo nilifikiri wananionaje. Nadhani nilidhani nikiongea vizuri nguo itabadilika.

Tulipopanda treni kurudi, Solange alikuwa ameniwekea paja la kuku kwenye karatasi ya foili. Alinisogezea mezani kwa adabu kubwa. "Kula, Madame," akasema. Nikadhani ni utani, nikacheka, Rehema hakucheka. Njia nzima ya kurudi Solange alizungumza na Rehema habari za vitambaa, na kila nilipochangia alinijibu vizuri, kwa ukamilifu, kama unavyomjibu mteja. Mvinyo mwekundu ulipokuja alimwachia mhudumu amimine kiasi anachotaka.

Hakuninunia, na laiti angeninunia. Niliendelea kwenda Joubert Park Jumamosi na nilipewa chakula, tena nikawekewa kiti, mimi niliyezoea kukaa kitandani. Madame amekula? Madame ameshiba? Nilipanda ngazi za ghorofa zile nane nikiwa nimepanga maneno, nikafika juu pumzi imekwisha na maneno yamekwisha. Mara mbili nikirudi Observatory nilihamisha kitanda. Rehema alinipigia simu mara moja tu kuhusu jambo lile, akaniambia, mwenzangu, omba radhi kabla mtu hajazoea kukukosa. Nikamwambia nitaomba. Nilikuwa nangoja siku nzuri, na mwaka ule kungoja ndiyo kazi niliyoiweza.

Mkataba wa kudumu ulikuja mwezi wa Agosti. Lerato alinisainisha ofisini kwake, mlango umefungwa, akanimiminia chai. Nilipomaliza kusaini aliniuliza wale rafiki zangu wa treni hawajambo. Nikaanza tena ile hadithi ya kanisa, naye akaniacha niifikishe mwisho. Kisha akasema siku ile alimwambia mumewe kwamba ananionea wivu, kwa sababu ana miaka arobaini na sita na hakuna mtu aliyewahi kukata kitambaa akamshonea yeye kipande ili wafanane. Aliyasema hayo bila kunilaumu, akipanga karatasi. Nilitoka mle na kalamu yake mkononi bila kujua, nikaenda kukaa chooni hadi miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimelipa kitu ambacho hakuna aliyenidai.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea Solange suruali mbili mpya za ofisini azipinde. Nilitaka sababu ya kupanda. Ilikuwa asubuhi, hakuna mteja mwingine, jua limeingia hadi kwenye pazia. Alinisimamisha juu ya stuli, akapiga magoti na pini mdomoni, akaanza kukunja mguu wa kulia. Nikiwa juu vile namwangalia utosi, mistari ya nywele zake, mvi mbili tatu ambazo sikuwa nimeziona, nikasema. Nikasema yaya, siku ile kwenye treni nilikukana. Nilisema sikujui na nakujua. Nimekosa, naomba unisamehe. Sauti ilinitoka vibaya na nililia, na kwa kuwa alikuwa ameniambia nisitikisike nililia nimesimama wima kama askari.

Alimaliza kukunja mguu ule. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, akakalia visigino.

"Nilishasamehe," akasema. "Mi pia nilishakana muntu. Mwaka ya fujo, ile ya kufukuza bageni, nilikuwa mu teksi imejaa batu, simu ikalia. Nikaiacha, ikalia tena. Ilikuwa mama, kutoka Lubumbashi. Teksi yote ilinyamaza, bananiangalia. Nikapokea, nikamuambia kwa Kizulu, weye nani, sikujue. Mama yangu mwenyewe. Alilia siku tatu, alizani balishaniua, na simu balichukua."

Chini barabarani madereva wa teksi walikuwa wakipiga honi. Nilitaka kushuka kwenye stuli nimshike mikono, lakini alikuwa ameshika pindo la suruali, na aliniinulia uso wake bila chuki yoyote, kama mtu anayetaka kujua kitu ambacho amekifikiria muda mrefu na hajakipatia jibu.

"Lakini mi niliogopa kufa," akasema. "Weye uliogopa nini, mudogo yangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu treni aniite hivyo. Niliangalia ukutani kwenye nguo za watu, nikaangalia dirishani, nikaangalia miguu yangu. Nikamwambia naona mguu wa kulia umebaki mrefu kidogo. Akaweka pini mdomoni, akainama, akaurekebisha.